Kuni za Mzee

Mwana wa Mama Savita alinipigia simu mwezi uliopita kutoka huko ng'ambo anakoishi. Akaniambia mama yake amefariki, wameshamchoma, na kabla hajakata roho alisema majivu yake yaletwe Kenya, yapelekwe kwenye bahari ile ile alikopelekwa mume wake. Nikampa pole. Kisha akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kuomba kitu, akasema, "Auntie Nekesa, Mama alisema wewe ndiye ubebe. Alisema wewe unaijua njia." Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu hapa Kapsoya, nakata sukuma wiki, na nilicheka kwa sauti mpaka mume wangu akaja kuchungulia mlangoni. Nilimwambia huyo kijana wa watu, ambaye sasa najua ana upara na wajukuu, kwamba njia naijua vizuri sana na kwamba sibebi. Akauliza kama ningependa muda wa kufikiria. Nikamwambia nilifikiria zamani, nikamaliza. Tukaagana kwa adabu, na nasikia wamempata mtu wa Mombasa wa kuifanya hiyo kazi. Basi, ni sawa. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule umenikalia kifuani, na watoto wangu hawajui kwa nini mama yao akiona kuni za mkaratusi zimepakiwa kwenye gari hugeuza uso. Wacha niuseme mara moja nimalize.

Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikipika kwa Mama Savita, Mhindi, katikati ya mji wa Eldoret, juu ya duka lao la vitambaa. Jikoni kulikuwa na dirisha moja lililoangalia uani, na hapo ndipo nilipojifunza kila kitu kuhusu nyumba ile, maana watu husahau kwamba mpishi ana masikio. Mdogo wangu Wafula alikuwa chini dukani akibeba majora ya vitambaa. Kibet, mwenyeji wa Kapseret, alikuwa dereva. Mimi na Wafula tulikaa chumba kimoja Langas, yeye akilala upande wa jiko na mimi nyuma ya pazia. Mchana sisi watatu tulikula pamoja stoo, tumekalia magunia. Kibet alikuja na mursik yake kwenye chupa ya soda, yale maziwa yao ya kugandisha kwa mkaa, na alikuwa akimcheka Wafula kwa kukunja uso anapoyanywa. "Kunywa bana, utakuwa mwanaume," alimwambia. Wafula alikunywa kwenye kikombe hicho hicho cha Kibet. Miaka miwili walinywa kikombe kimoja. Shikeni hilo, kwa sababu kuna siku Kibet alilisahau.

Mzee, mume wa Mama Savita, alichagua wiki mbaya ya kufa. Mji ulikuwa umefungwa, moshi ulikuwa unaonekana kutoka dirishani upande wa Langas, na sisi wafanyakazi tulikuwa tunalala stoo kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka. Asubuhi moja Mzee alishika kifua akiwa anapiga mswaki, akaketi kwenye ukingo wa bafu, na hakuinuka tena. Mama Savita hakulia. Alimfunika kwa shuka nyeupe, akatia tone la maji mdomoni mwake, kisha akaja jikoni na kusema kwamba kwao maiti hailali ndani. Ni lazima ichomwe kabla ya jua kuzama. Shida ilikuwa kuni. Mlinzi wa pale mahali pao pa kuchomea maiti alikuwa amekimbilia kituo cha polisi na familia yake, na kuni zilizokuwa zimerundikwa pale zilikuwa zimebebwa na watu waliolala nje kwenye baridi. Ni nani angewalaumu?

Nilikuwa nakoroga uji wakati Mama Savita alipomwita Kibet uani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, cha kuamuru. "Kibet, wewe mtu ya huko. Kule kwenu miti iko. Wewe nakwenda leta kuni." Kibet akasema barabara ina vizuizi. "Wewe wanajua." "Mimi wananijua, Mama. Lakini kuni ni za kukata na kupakia, siwezi peke yangu." Mama Savita akageuka. "Chukua Wafula." Wafula alikuwa ameketi kwenye ngazi na bakuli lake la uji, na namwona mpaka leo alivyoliweka chini polepole. "Mama, huko siendi. Watu wanachinjwa." Mama Savita akamwambia, "Mzee nalala hapo, jua nakwenda. Wewe nataka yeye naoza?" Hapo Kibet akamwekea mkono begani. "Twende bana. Ukiwa na mimi hakuna mtu atakugusa." Wafula alinitazama dirishani. Sikusema kitu, kwa kuwa nilimwamini Kibet kama alivyomwamini yeye. Akavaa koti lake, na kitambulisho chake kikabaki kwenye suruali nyingine, kule Langas, kwenye chumba ambacho saa hiyo huenda kilikuwa kinaungua.

Kuni zilifika. Alasiri pikapu iliingia uani imejaa magogo ya mkaratusi, mabichi, bado yanatoka utomvu, na Kibet alikuwa peke yake. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alikunywa maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki mpaka yakamtiririka kifuani. "Wafula yuko wapi?" nikamuuliza. "Ameshukia njiani," akasema bila kunitazama. "Ameenda kuangalia nyumba yenu Langas." Nikamtukana Wafula kimoyomoyo kwa ujinga wake, nikapanda pikapu na Mama Savita na mwili wa Mzee mpaka mahali pa kuchomea, na kwa kuwa Kibet alisema mikono yake imechoka na hapakuwa na mingine, nikazishusha zile kuni mimi mwenyewe, gogo moja moja. Nilizibeba begani. Utomvu ulininasia shingoni na ulichukua siku nyingi kutoka. Mzee alichomwa, vizuri, kabla ya jua kuzama, na kasisi wao wa pale mjini akasema Mungu amesaidia.

Wafula hakurudi. Nilimtafuta kwenye uwanja wa maonyesho ambako watu walikuwa wamejaa kwenye hema, nikamtafuta makanisani, nikamtafuta hospitalini. Nilimtafuta pia kule ambako sitaki kuwaeleza, ambako mtu mwenye kinyago alinivutia droo moja baada ya nyingine na kuniuliza, "Huyu? Huyu?" kama mtu anayeuza viatu. Kila nilipomuuliza Kibet, jibu lilikuwa lile lile: alishukia njiani. Mama Savita aliniongezea siku ya kupumzika na kuniambia, "Labda yeye nakwenda Uganda. Vijana nafanya hivyo." Nyumbani kwetu, ng'ambo ya Mto Nzoia, mama yangu alikuwa anapika ugali wa watu wawili kila jioni na kufunika sahani moja.

Kwetu mtu akipotea na mwili wake usipatikane, huzikwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba lenye urefu wake, likavikwa nguo zake, likalazwa kaburini na kuliliwa kama yeye, na roho yake inapata mahali pa kukaa. Bila hivyo anazurura, na wanaobaki hawapumziki. Nilipoenda kwa wazee wa ukoo kuomba hilo, baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye neno kwenye ukoo wetu, alitikisa kichwa. "Nekesa, hatuziki mgomba kwa uvumi. Ukimzikia mtu mgomba naye yuko hai mahali fulani, umemuua wewe. Tuletee mtu aliyeona kwa macho yake." Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikonda mwaka ule mpaka leso yake ikawa inamzunguka mara mbili. Alinishika mkono wakati naondoka, akasema, "Niletee huyo mtu, hata kama ni shetani." Hilo ndilo lililonirudisha Eldoret, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka mwaka mzima: mtu mmoja aliyeona, aje aseme.

Sasa nije kwenye bahari. Majivu ya Mzee yaliwekwa kwenye mtungi mdogo wa shaba, ukafungwa kitambaa chekundu, ukatundikwa kwenye msumari kibarazani, nje ya nyumba. Haukutakiwa kuingia ndani na haukutakiwa kugusa ardhi mpaka utakapofika majini. Wana wao walikuwa waje kuupeleka, lakini huko ng'ambo walikuwa wanatazama televisheni na kuogopa. Mwezi huu wakasema mwezi ujao, na mwezi ujao wakasema mama apeleke. Mzee alikuwa ameacha neno. Wazee wake walikuwa wachuuzi wa vijiji vya pwani kabla ya kupanda bara, na kila kijiji walichokaa walijenga kahekalu. Alitaka apitishwe kwenye hivyo vihekalu, asalimie, kisha amwagwe kwenye cha mwisho. Barabara zilipotulia na mvua zikapita, Mama Savita akasema tunaondoka: yeye, Kibet wa kuendesha, na mimi wa kupika na kubeba. Yeye mikono yake ilikuwa inatetemeka na miguu imevimba. Kwa hiyo Mzee alikaa mapajani kwangu kutoka Eldoret mpaka Mombasa, na nikienda msalani Kibet alimshika kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele kama anashika mtoto aliyejikojolea. "Nekesa, hapana weka chini!" Mama Savita alikuwa anapiga kelele kila tukisimama. Hata nikila nilikula kwa mkono mmoja.

Nilikuwa sijawahi kuona bahari. Ningependa kusema nilishangaa, lakini nilikuwa na kitu mapajani na kingine moyoni, na bahari nikaiona kama maji mengi tu. Kijiji cha kwanza kilikuwa na nyumba chache za mawe, ufuo mweupe usio na mtu, na hoteli iliyofungwa kwa sababu wageni wote walikuwa wametukimbia. Walinzi wa hoteli walikuwa wamelala kwenye vitanda vya wazungu, redio kifuani. Hekalu lilikuwa dogo kuliko kioski cha soko kuu, limepakwa chokaa, kengele moja mlangoni, bendera imechanika. Hakukuwa na Mhindi hata mmoja aliyebaki. Ufunguo ulikuwa kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa anakaanga kaimati kando ya njia. Alijipangusa mafuta kwenye kanga, akatufungulia, na alipouona mtungi akaguna. "Nyie watu wa bara, mwachinjana huko kwenu, kisha mwatuletea na majivu? Makubwa haya." Mama Savita alijifanya hakusikia. Kibet aliinamisha kichwa. Mimi nilimpenda yule mama papo hapo, na nikanunua kaimati zake, na zilikuwa tamu kupita chakula chochote cha safari ile.

Maana chakula chenyewe kilikuwa adhabu. Mtungi ukiwa safarini hatukuruhusiwa nyama, wala samaki, wala yai, wala kitunguu. Nilipika wali na dengu pamoja kwenye sufuria moja, laini kama wa mgonjwa, asubuhi na jioni, huku wavuvi wanapita mlangoni na changu wabichi wanaorukaruka. Kibet alishindwa. Siku ya pili alienda nyuma ya kijiji akala samaki wa kukaanga, akarudi anapangusa mdomo. Mama Savita alimnusa mlangoni kama paka. "Wewe nakula kitu!" Akamsukutulisha maji ya chumvi mara kadhaa mbele ya watu, kisha akamwambia alale ndani ya gari. Nilicheka. Nasema ukweli, siku hiyo nilimhurumia Kibet, nikampelekea chapati garini. Akaipokea akasema, "Dada, wewe ni mtu mzuri," na machozi yakamlengalenga. Nilidhani ni kwa ajili ya aibu ya samaki. Ujinga gani ule!

Kijiji cha pili ndiko nilikosikia. Nyuma ya hekalu kulikuwa na chumba cha wageni chenye vitanda viwili vya kamba, feni isiyozunguka, na picha ya mungu wao mwenye mkonga wa tembo, imefifia kwa chumvi. Mchana jua likiwa kali kijiji kizima kilikuwa kinalala. Ungesikia hata kuku akijikuna. Nilikuwa nimejilaza, mtungi umetundikwa kwenye kulabu juu ya dirisha, upande wa nje, na chini ya dirisha hilo, kwenye baraza, walikuwa wameketi Mama Savita na Kibet. Walidhani nimelala. Kibet alikuwa anasema, "Mama, mimi nimechoka. Huyu dada ananiangalia kwenye kioo cha gari kila saa. Ananiletea chapati. Siwezi. Nitamwambia." Mama Savita akajibu, polepole, kama anayemweleza mtoto bei ya kitambaa: "Wewe hapana sema kitu mpaka sisi narudi nyumbani. Yeye najua leo, nani napika? Nani nabeba Mzee? Wewe taka mimi nabeba?" "Lakini Mama, tangu Januari wewe unajua. Mtu alikufa kwa ajili ya kuni zako." "Mimi hapana ua," akasema Mama Savita. "Wewe ndiyo nasema hapana jua yeye. Mimi nasema nini? Mimi nataka kuni tu." Kisha akasema, "Nenda lala."

Watu huniuliza ningefanya nini kama ningekutana na waliomuua ndugu yangu. Sijui. Lakini najua nilichofanya siku ile. Sikufanya kitu. Nilikaa kwenye kile kitanda nikiangalia kivuli cha mtungi ukutani, na nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja: kwamba aliyekuwa mle ndani ni Mzee pamoja na kuni zake, majivu hayatenganishwi, na kwamba kila kilomita nilikuwa nimebeba mapajani kile alichofia Wafula. Kisha nikakumbuka neno la mama, hata kama ni shetani, na nikafikiri: aliyeona nimempata, yuko pale nje, na akirudi Eldoret atatoroka au huyu mama atamficha. Kwa hiyo jioni nikapika wali na dengu. Nikawaandalia. Mama Savita akasema leo chumvi iko sawa. Nikamjibu, "Asante, Mama."

Kijiji cha mwisho kilikuwa kusini, karibu na mpaka, mwisho kabisa wa barabara. Hekalu lake lilikuwa juu ya ufuo wenyewe, ngazi zake zinashuka mchangani, na maji yakijaa huja kugonga ngazi ya chini. Kasisi wao, mzee mwembamba aliyetoka Mombasa kwa pikipiki ya kukodi, alikuwa amefika kabla yetu, anakohoa na kuwasha udi. Mama Savita alikuwa amevaa sari nyeupe na ameketishwa kwenye kiti cha plastiki mchangani. Hapakuwa na mtu mwingine, isipokuwa mbwa. Kasisi aliimba, akanyunyiza maji, akanipungia mkono nilete mtungi. Nikashuka ngazi mpaka mwisho. Maji yalikuwa mbali kidogo. Nikasimama kwenye mchanga mkavu, nikageuka, nikamtazama Kibet aliyekuwa amesimama kando ya gari.

"Kibet," nikasema, "Wafula yuko wapi?"

"Dada, si nilikuambia—"

Nikainama, nikaushusha mtungi. Taratibu. Mpaka kitambaa chekundu kikawa kinakaribia kugusa mchanga, pale ambapo mbwa alikuwa amepita na kuacha mambo yake. Mama Savita alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. "Hapana weka chini! Nekesa! Hapana weka chini!" Alijaribu kuinuka kwenye kiti na miguu ikamkatalia, akaanguka kwa magoti, sari yake nyeupe ikaingia mchanga. Kasisi aliacha kuimba. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Mzee atakaa hapa na kinyesi cha mbwa mpaka niambiwe ndugu yangu yuko wapi. Mimi sina haraka."

"Sema!" Mama Savita akampigia Kibet kelele. "Sema, sema, sema!"

Akasema. Walikuwa wamepakia kuni, wanarudi, na kwenye kizuizi kabla ya kufika lami kundi la vijana wakawasimamisha. Baadhi aliwajua, wengine walitoka mbali. Wakamuuliza Wafula kitambulisho, hana. Wakamsemesha kwa lugha yao ya huko, akajibu kwa Kiswahili cha mjini. Yule mkubwa wao akamgeukia Kibet akasema mtu akibeba adui anachomwa pamoja na gari lake. "Wakaniuliza, huyu unamjua?" Kibet alikuwa amefunika uso kwa mikono. "Nikasema simjui, nimempa lifti tu. Dada, wallahi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeshika usukani, mikono imekufa. Yeye alikuwa ananiangalia." Nikamuuliza, "Akasema nini?" "Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Walimshusha, wakampeleka kwenye lile shimo la kuchimbia marramu. Niliona panga ikipanda. Niliona mpaka mwisho, kwa sababu walinikataza kuondoa gari." Nikauliza kuhusu mwili. Akasema alirudi baada ya wiki; katapila la barabara lilikuwa limeshapita pale kuchukua marramu, udongo ule mwekundu wa kuziba mashimo ya barabara. Hakuna kitu. Ndugu yangu alitandikwa barabarani, na magari yanapita.

"Utakuja kwetu," nikamwambia. "Utasimama mbele ya wazee, useme hivyo hivyo, na neno lile la simjui usiliruke." Akasema watamkata. Nikaushusha mtungi tena, upana wa kidole. Mama Savita alikuwa anatambaa mchangani kuja kwangu. "Nakwenda! Yeye nakwenda! Mimi nalipa kila kitu!" "Sijaomba pesa, Mama," nikasema. "Nimeomba mtu." Kibet akaanguka chini akaapa kwa watoto wake. Ndipo nikainuka, nikaingia majini mpaka magotini, nikampa kasisi mtungi wake. Alinitazama kwa chuki, na sikumlaumu. Akamwaga. Upepo ukarudisha kidogo kwenye sketi yangu, nikayapangusa kama vumbi lolote lile. Najua wa kanisani kwangu wakinisikia nikisimulia haya wataniambia ningesamehe kwanza ndipo niulize. Kwaheri yao. Ningesamehe kwanza, wangerudi Eldoret na mama yangu angekuwa anafunika sahani mpaka kesho.

Tulirudi watatu kwenye gari moja, kwa kuwa hapakuwa na lingine. Hiyo ndiyo safari niliyoiona ndefu. Hakuna aliyesema neno zaidi ya "simama" na "twende". Niliendelea kupika, lakini nilitia vitunguu, vingi, na pilipili, na walikula wote wawili mpaka machozi na hawakuthubutu kuuliza. Tulipofika, nilichukua kikapu changu jikoni nikashuka ngazi. Mama Savita alikuwa amesimama dirishani kwangu, lile la kusikilizia. Akasema, "Nekesa, mimi pia napoteza mtu." Nikamjibu kwamba wake alichomwa kabla ya jua kuzama.

Kibet alikuja. Sikutarajia, nikiri, lakini alikuja, mwezi wa kumi na mbili, amevaa koti la Jumapili, amebeba sukari na mkate kama mgeni yeyote. Mama aliipokea sukari akaiweka mezani bila kuitazama. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, ukoo mzima umejaa uani, na baba mkubwa akamsimamisha Kibet langoni pa boma. "Ulimwona amekufa kwa macho yako?" "Nilimwona." "Ulikuwa nani kwake?" "Tulifanya kazi pamoja. Tulikula pamoja." "Walipokuuliza, ulisema nini?" Kibet alinitafuta kwa macho, akanipata. Akasema, "Nilisema simjui."

Sauti iliyotoka pale sitaielezea. Vijana wetu waliinuka, mmoja ameshika panga, mwingine jiwe, na nina hakika kwamba kama mama angechelewa kidogo Kibet angebaki kwetu milele. Mama yangu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alipita katikati yao, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akalitupa miguuni pa Kibet. "Achimbe," akasema. Basi akachimba. Peke yake, tangu asubuhi mpaka jua likapinda, koti la Jumapili limetupwa kwenye ua, na hakuna aliyempokea wala aliyempa maji. Mgomba ulikatwa. Mama alipima urefu wake kwa kumbukumbu, akamwambia mkataji ongeza kidogo, alikuwa mrefu kuliko hivyo. Tukauvika shati lake la bluu na suruali ile iliyosalimika Langas, ambayo mfukoni mwake bado kulikuwa na kitambulisho. Tulimlilia Wafula kama alivyostahili. Mama alilala chali kwenye udongo mbichi akapiga kelele kwa mara ya kwanza mwaka ule, na nilishukuru kuzisikia.

Baadaye watu walikula. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mwanamke haigusi na mgeni hapewi. Tangu baba atutoke, ilikuwa ya Wafula. Nilimwona mama akiitoa kwenye sufuria, akaiweka kwenye sahani pamoja na ugali, sahani ile ile aliyokuwa akiifunika kila jioni, akavuka uani nayo mbele ya wazee wote waliokuwa wameacha kutafuna. Kibet alikuwa ameketi chini kando ya kaburi, mikono imechubuka, udongo mpaka kwenye nyusi. Mama akampa. "Mama, hii siwezi," Kibet akasema. "Naomba, nipe ugali tu." Mama akavuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane. "Ni yake," akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kula."

Alikula. Aliitafuna muda mrefu, macho chini, machozi na makamasi yanaingia kwenye ugali, na mara mbili ilimkwama, na mama alingoja. Alipomeza tonge la mwisho, mama akaipokea sahani, akaiinamisha kidogo kuona kama kuna kilichobaki.

"Sasa unamjua," akamwambia.